Skana ya mkononi: hesabu ije kabla ya mashine

Mfanyabiashara wa Daraja Mbili anayetaka kununua kompyuta ya mkononi ya kusoma barkodi, ile inayofanana na simu nene yenye dirisha dogo la kioo kichwani, ana maswali mawili ya kujibu. La kwanza ni kifaa kipi anunue. La pili, ambalo wauzaji hawapendi kuulizwa, ni kama anakihitaji kweli.

Swali hilo la pili ndilo lenye fedha. Kata hii, iliyo upande uleule wa mji wenye Unga Limited na Sombetini, ina kila aina ya biashara ndogo na ya kati: vyakula, vipuri, vifaa vya ujenzi, pembejeo za kilimo, stoo za nafaka. Wengi wanaendesha shughuli zao kwa mkopo wa benki, wa SACCOS au wa vikoba. Shilingi milioni moja ikifungwa kwenye mashine inayokaa kabatini, hiyo ni mifuko ya mbolea ambayo haikununuliwa kabla ya masika, na mkulima wa Ngarenanyuki aliyeitaka ameshaifuata duka la pili.

Kwa hiyo ni vema kuanza na kueleza kitu chenyewe, kwa sababu yapo mambo yanayosemwa juu ya barkodi ambayo si ya kweli.

Ile michirizi myeusi iliyo nyuma ya pakiti ya majani ya chai au kopo la dawa ya mifugo haibebi bei. Haibebi pia tarehe ya kuisha muda wala jina la bidhaa. Inabeba namba tu, kwa kawaida tarakimu 13, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba zile 12 za mwanzo zimesomwa sawasawa. Bei, jina na idadi iliyobaki viko kwenye programu ya dukani, na ni lazima mtu aviingize kwa mkono wake. Mashine hukimbia na kuitafuta ile namba kwenye orodha. Kama orodha haipo, au ni ya kubahatisha, skana ya milioni mbili itatoa majibu ya kubahatisha, ila kwa haraka zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ilikuwa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa barkodi ya aina hii. Nyuma ya mlio ule mmoja kulikuwa na kazi ya miaka ya kukubaliana namba. Misimbo ya mraba yenye vidoti, QR, ilikuja 1994 kutoka kampuni ya Denso Wave ya Japani, ambayo iliitengeneza kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Mraba huo hubeba maneno na namba nyingi zaidi, na ndiyo sababu unaonekana leo kwenye risiti za mashine za kodi na kwenye vibao vya malipo ya simu.

Jambo jingine linalopotoshwa ni zile tarakimu tatu za mwanzo. Namba zinazoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania, 616 ni za Kenya, na 600 na 601 ni za Afrika Kusini. Tarakimu hizo zinaeleza namba ilisajiliwa wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi. Kabla ya Tanzania kuwa na chombo chake, wasindikaji wengi wa hapa nchini walilazimika kuuza bidhaa zao kwa namba za nje, na asali au unga wa Tanzania ukaonekana rafuni kana kwamba umevuka mpaka. Mama anayesindika siagi ya karanga Daraja Mbili na kutaka kuingia supamaketi hana haja ya kununua skana hata moja. Anachohitaji ni namba yake ya 620 na lebo iliyochapwa vizuri. Kusoma ni kazi ya duka.

Sasa turudi kwenye fedha. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, na kila mwenye duka aweke tarakimu zake mwenyewe.

Ichukuliwe kwamba duka la pembejeo hufunga siku moja kila mwezi ili kuhesabu mali, na siku hiyo linakosa faida ya shilingi 60,000. Kwa mwaka ni 720,000. Aidha, duka hilo hutupa kila mwezi mbegu na viuatilifu vya shilingi 40,000 vilivyoisha muda nyuma ya rafu bila mtu kujua. Kwa mwaka ni 480,000. Hasara yote ni shilingi 1,200,000. Tuseme mashine na programu vitaokoa nusu, yaani 600,000, kwa kuwa hakuna mashine inayookoa yote. Kama kifaa kinauzwa 1,200,000 na programu inalipiwa 30,000 kwa mwezi, ada peke yake ni 360,000 kwa mwaka. Kinachobaki ni 240,000. Kifaa kitarudisha bei yake baada ya miaka mitano, na betri yake huenda ikawa imechoka mwaka wa tatu.

Duka hilohilo likitumia simu ambayo mwenye duka tayari anayo, pamoja na skana ndogo ya bluetooth ya shilingi 150,000 na programu ileile, faida ni ile ile 240,000 kwa mwaka, na kifaa kinajilipa katika miezi saba na nusu.

Lakini muuzaji wa jumla mwenye stoo tatu, ambaye hasara yake ni mara tano ya hiyo, yuko mahali pengine kabisa. Yeye hupoteza shilingi milioni sita kwa mwaka. Akiokoa nusu, akatoa ada ya programu, anabaki na 2,640,000. Kompyuta mbili za mkononi za 1,200,000 kila moja zitajilipa ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtu wa namna hiyo, kuendelea kuandika kwenye daftari la kurasa mia mbili ndiyo anasa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huiga. Jirani amenunua, basi na mwingine ananunua. Au mtu ameona supamaketi kubwa zinavyofanya kazi, akadhani siri iko kwenye ule mlio wa kaunta. Ikumbukwe kwamba Nakumatt, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014 likiwamo la jengo la TFA hapa Arusha, haikukosa skana wala kompyuta. Ilizidiwa na madeni, wasambazaji wakaacha kuleta mzigo, rafu zikawa tupu.

Kwa upande mwingine si haki kuidharau simu. Tangu Januari 2019, TRA ilipoanza kutumia stempu za kielektroniki kwenye sigara, mvinyo na pombe kali, mteja au mwenye duka yeyote amekuwa na uwezo wa kuhakiki chupa kwa simu yake kupitia programu ya Hakiki Stempu. Kazi hiyo haikuhitaji kifaa maalumu. Kamera ya simu inatosha kabisa kwa anayesoma bidhaa ishirini au thelathini kwa siku, akiwa amesimama kwenye mwanga.

Simu hushindwa pale kazi inapokuwa ya mamia. Kamera hutafuta picha, hukosa, hutafuta tena. Gizani mwa stoo inahitaji tochi, na tochi hula chaji. Mkono unachoka kushika kioo cha kuteleza, halafu katikati ya kuhesabu katoni inaingia simu ya mteja na hesabu inapotea. Kifaa cha kazi kina kitufe cha kubonyeza kwa kidole, kina mwanga wake, na kinasoma kabla mtu hajamaliza kuinua katoni. Tofauti hiyo ndiyo inayouzwa kwa bei kubwa, na kwa anayeihitaji inastahili bei hiyo.

Aliyeridhika kwamba anahitaji basi achague kwa mambo haya.

Kwanza ni jicho la kifaa. Skana za leza, zenye mstari mmoja mwekundu, husoma michirizi tu. Hazisomi QR, na kwa kawaida hazisomi barkodi iliyo kwenye kioo cha simu. Skana za picha husoma zote, na pia husoma vizuri zaidi lebo iliyokwaruzwa. GS1 duniani imeweka lengo kwamba hadi mwisho wa 2027 kaunta za maduka ziwe na uwezo wa kusoma misimbo ya mraba pamoja na michirizi. Misimbo hiyo ya mraba inaweza kubeba tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, jambo ambalo michirizi ya kawaida ya tarakimu 13 haiwezi. Kwa mwenye duka la pembejeo hilo si jambo dogo: leo inamlazimu kuandika kwa mkono tarehe ya kila katoni ya dawa inayoingia. Kununua leza tupu sasa, hata kwa bei ya kutupa, ni kununua kitu cha jana.

Pili ni mtandao, na hili ndilo linalouma zaidi kuliko yote kwa biashara za Arusha na Meru. Muuzaji huonyesha kifaa akiwa ofisini kwake mjini, penye intaneti nzuri. Mnunuzi anakipeleka Leguruki au King'ori kununua mazao, kifaa kinazunguka tu bila kufungua ukurasa. Swali la kuuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: mtandao ukikatika, je, programu inaendelea kuandika na kutunza kumbukumbu ndani ya kifaa, kisha kuzituma zote mtandao ukirudi? Jibu la kukubaliwa ni kuzima Wi-Fi na kutoa laini ya simu palepale kaunta, kusoma bidhaa kumi, kurudisha mtandao, na kuona zote kumi zimefika. Maneno ya mdomo hayatoshi. Ni muhimu pia kujua kama kifaa kina nafasi ya laini ya simu au ni cha Wi-Fi tu, kwa kuwa cha Wi-Fi tu hakina maana kwa anayezunguka na gari.

Kifaa chenye laini ya simu kiangaliwe namba yake ya IMEI kwa kubonyeza *#06#. Wafanyabiashara wanakumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia nchi nzima. Kifaa cha kazi kilichoingizwa kwa njia za panya kiko kwenye hatari ileile.

Tatu ni betri. Itafutwe inayotoka, yaani inayoweza kufunguliwa na kuwekwa nyingine, na inunuliwe ya akiba siku hiyo hiyo. Kifaa ambacho betri yake imefungwa ndani kama simu za kisasa kitalazimika kukaa kwenye chaji katikati ya mnada, na umeme ukikatika kazi imekwisha. Aidha, iulizwe kama betri hizo zinapatikana Arusha au mpaka ziagizwe. Betri inayosubiriwa wiki sita ni sawa na kutokuwa na kifaa kwa wiki sita.

Nne ni vumbi na maji. Kwenye karatasi ya kifaa kuna herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi na mwisho wake ni 6, maana yake vumbi haliingii kabisa. Ya pili ni ya maji: 4 ni matone ya kurushiwa kutoka pande zote, 5 ni maji ya mpira, 7 ni kuzama kwa nusu saa kwenye maji ya kina cha mita moja. Kwa stoo ya nafaka, na kwa vumbi la kiangazi ambalo kila mkazi wa mji huu analijua kwa kulifuta mezani asubuhi na jioni, tarakimu ya kwanza isiwe chini ya 5, na 6 ni bora. Kwa duka la vipodozi lenye vigae na feni hakuna sababu ya kulipia yote hayo. Karatasi hiyo hiyo hutaja urefu ambao kifaa kinaweza kudondoka kwenye saruji bila kuvunjika. Mita 1.2 ni urefu wa mkono wa mtu aliyesimama. Anayefanya kazi juu ya lori atafute zaidi ya hapo.

Uzito, ukubwa wa kioo na rangi havihitaji maneno mengi. Mtumiaji akishike kwa robo saa, basi.

Suala la mtumba linahitaji tahadhari ya peke yake. Kompyuta hizi huachwa kwa wingi na maghala ya Ulaya na Marekani, na nyingine hufika Kariakoo na Nairobi zikiwa bado zinang'aa. Umri wake unaweza kusomwa kwenye jina. Symbol ilinunuliwa na Motorola mwaka 2007, na kitengo hicho cha Motorola kikanunuliwa na Zebra mwaka 2014. Intermec ilichukuliwa na Honeywell mwaka 2013. Kwa hiyo kifaa chenye jina la Symbol ni mzee sana, na chenye jina la Motorola kwa kawaida kina takribani miaka kumi au zaidi. Vingi kati ya hivyo vinatumia Windows ya mkononi ambayo Microsoft iliacha kuihudumia. Toleo la Windows Embedded Handheld 6.5 lilifikia mwisho mwaka 2020. Programu nyingi za maduka zinazouzwa leo zimeandikwa kwa ajili ya Android na haziwezi kuwekwa humo. Mwanga mwekundu utawaka, mlio utasikika, lakini namba haitakuwa na pa kwenda.

Hata mtumba wa Android una mtego. Kampuni kubwa hufunga vifaa vyake kwa nywila za utawala, na mnunuzi wa mwisho hukuta nusu ya mipangilio haifunguki. Kifaa kizimwe na kurudishwa kama kilivyotoka kiwandani mbele ya mnunuzi. Kikiwaka na kuomba akaunti ya kampuni ya mbali, kiachwe mezani. Wenye kufuata bei ya Nairobi kupitia Namanga wazingatie pia kwamba waranti ya duka la Nairobi hudaiwa Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi mara mbili inaweza kumeza punguzo lote.

Kuna pia dhana inayosambazwa na baadhi ya mawakala kwamba skana ya mkononi inaondoa haja ya mashine ya EFD. Si kweli. Mashine hizo zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT na baadaye zikaenea kwa wengine, na risiti halali ni ile inayotoka kwenye mashine au mfumo ulioidhinishwa na TRA, ukiwamo ule wa VFD unaotoa risiti kwa programu. Kompyuta ya mkononi inaweza kuunganishwa na mfumo huo kama programu yake imeidhinishwa. Vinginevyo kinachotoka kwenye kiprinta chake ni karatasi tu, na mwenye duka atakayeikabidhi kwa mteja kama risiti ndiye atakayeulizwa, si wakala.

Upande wa wakulima mambo ni tofauti kidogo, na huenda huko ndiko kifaa hiki kina kazi kubwa zaidi kuliko dukani.

Mkoa wa Arusha ni kitovu cha mboga na maua ya kuuzwa nje, na chama cha wadau wa kilimo hicho, TAHA, kilichoanzishwa 2004, kina makao yake hapa. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya mwaka 2002, ambayo sehemu yake ya ufuatiliaji ilianza kutumika Januari 2005, inamtaka mwingizaji wa chakula kule ajue kimetoka kwa nani. Sheria hiyo humbana mwingizaji wa Ulaya, lakini yeye humbana msafirishaji kwa mkataba, na msafirishaji humbana mkulima. Mwisho wa mnyororo huo ni kreti ya maharage machanga kwenye kituo cha kukusanyia.

Kreti hiyo ikiwa haina alama, mabaki ya viuatilifu yakigunduliwa, lawama huwa ya kikundi kizima. Majirani wa Kenya walionja hali hiyo 2013, maharage na njegere zao zilipowekewa ukaguzi mkali zaidi kwenye viingilio vya Ulaya kwa sababu ya mabaki hayo. Ikiwa kila kreti ina lebo ya mkulima wake, na imesomwa pale inapopimwa, kosa la mmoja linabaki la mmoja. Na si kosa tu. Mkulima hupata kumbukumbu ya kilo zake siku hiyo hiyo, badala ya kungoja kuambiwa wiki ijayo kwamba kilo 18 alizopeleka zimegeuka 13 baada ya kuchambuliwa. Kikundi kinachonunua kifaa kimoja kwa pamoja, kikakiweka mikononi mwa karani wa kituo, kina sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kila mkulima kununua chake ni upuuzi.

Hata hivyo skana haipimi. Mizani mbovu ikisomwa kwa kifaa cha milioni mbili inabaki mizani mbovu, na lumbesa yenye barkodi bado ni lumbesa. Mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo inatangulia. Wafugaji nao wajue kwamba hereni zenye chipu ndani husomwa kwa mawimbi ya redio, hivyo skana ya kawaida ya barkodi haizisomi hata ikisogezwa kwenye sikio la ng'ombe. Anayetaka kazi zote mbili aulize mapema, kwa sababu ni kifaa kingine na bei nyingine.

Bidhaa zisizo na barkodi, kama mchele wa kupima, maharage, misumari ya kilo, zinaweza kupewa namba za ndani. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka na hazigongani na za bidhaa nyingine. Kinachosahaulika ni karatasi. Lebo za bei nafuu zinazochapwa kwa joto bila wino hufifia zikikaa juani au karibu na joto, na gunia lililobandikwa Agosti halisomeki Novemba. Kwa mzigo wa kukaa, zitumike lebo za kuchapwa kwa utepe wa wino. Gharama ya lebo na utepe iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo, kwani ni ya kila mwezi, na wauzaji wengi hawaitaji kabisa.

Programu nayo iulizwe maswali yake. Je, kumbukumbu zinaweza kutolewa na kuhifadhiwa kwenye faili la Excel bila kumwomba mtu ruhusa? Ada ikichelewa mwezi mmoja, duka linafungiwa orodha yake? Kuna maduka yanayoweka humo majina na namba za simu za wateja wanaokopa. Hao wajue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia daftari la madeni lililohamia kwenye kompyuta, na Tume yake ina utaratibu wa usajili.

Lipo pia suala la wafanyakazi, ambalo halimo kwenye karatasi yoyote ya kifaa. Kijana wa stoo aliyezoea daftari akiletewa mashine ghafla huiona kama askari aliyewekwa kumlinda. Ataipa sababu ya kuharibika. Mwenye duka anayemshirikisha tangu siku ya kuchagua, akamwachia akijaribu mwenyewe, hupata mtu wa kukitunza. Na kila anayekitumia awe na nywila yake, si moja ya duka zima iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kava.

Siku ya kununua, mnunuzi asiende mikono mitupu. Achukue dukani kwake vitu vitano vigumu: mfuko wa mbolea wenye vumbi, chupa ya dawa iliyopinda lebo, pakiti ya mbegu iliyokunjika, kreti yenye unyevu, na simu yenye picha ya msimbo wa QR. Vyote visomwe nje ya duka, kwenye jua la saa sita, kisha ndani, taa zikiwa zimezimwa. Baada ya hapo ndipo bei izungumzwe, na waranti iandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi yenye muhuri, ikitaja ni miezi mingapi, betri na kioo vimo au havimo, kifaa kitatengenezwa Arusha au Dar es Salaam, nani analipa gharama ya kukituma kwa basi, na duka litapewa kifaa gani cha kushikilia kazi wakati kile kiko kwa fundi.